Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Tiba ya Nano na Safari Mbili za Dawa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaitumia methali hii kueleza baraka za ukarimu, kwamba siku anapofika mgeni hata mwenye nyumba hupata kitoweo. Katika historia ya tiba nchini mwetu, hata hivyo, methali hii imetimia neno kwa neno. Kwa zaidi ya karne moja tumengoja mgeni aje na dawa ili mwenyeji apone. Mara nyingine mgeni alikuja na mwenyeji akapona. Mara nyingine mgeni alikuja, akachukua vipimo, akaondoka, na mwenyeji akabaki na ugonjwa wake.

Sasa mgeni mwingine yuko mlangoni. Jina lake ni tiba ya nano. Nanometa moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanometa zipatazo 80,000 hadi 100,000. Katika vipimo hivyo vidogo, wanasayansi wameweza kutengeneza vibebeo vya dawa: vijiduara vya mafuta, chembe za protini, vipande vya dawa vilivyosagwa hadi visionekane kwa hadubini ya kawaida. Kazi ya kibebeo ni kuifikisha dawa mahali inapotakiwa mwilini, kuizuia isidhuru viungo visivyohusika, na kuifanya ikae muda mrefu zaidi. Tunaahidiwa kwamba kwa njia hii malaria, kifua kikuu, VVU na maradhi mengine ya kuambukiza yatapata mshindani wa kweli.

Mimi ni mwalimu wa historia, si mfamasia, na sina sababu ya kuibeza ahadi hiyo. Swali langu ni la kihistoria. Kila dawa ina safari mbili. Ya kwanza ni safari ya ndani: kutoka mdomoni au kwenye mshipa hadi kwa kimelea. Ya pili ni safari ya nje: kutoka kiwandani, kupitia bandarini, bohari, zahanati na mfuko wa mgonjwa, hadi mdomoni. Tiba ya nano imebuniwa kuifupisha safari ya kwanza. Historia ya mkoa huu wa Dodoma inatufundisha kwamba walio wengi hufia kwenye safari ya pili.

Tuanze na mgeni wa zamani. Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alifika Ziwa Victoria kuchunguza ugonjwa wa malale. Alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa umeangamiza watu wengi mno. Alikuja na dawa iliyoitwa Atoxyl, yenye asili ya aseniki. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu, lakini vimelea vilirudi. Dozi ikaongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Hawakuwa watu wa kutoa ridhaa kwa maana tunayoielewa leo. Walikuwa wagonjwa waliokusanyika kambini kwa sababu hawakuwa na tumaini jingine.

Huko Ujerumani, Paul Ehrlich alikuwa akifanya kazi na dawa za aina hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeota juu ya risasi ya ajabu: dawa inayompiga adui peke yake na kumwacha mwenye mwili salama. Kutokana na utafiti huo ilizaliwa Salvarsan, dawa ya kaswende, iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Wanaoandika historia ya tiba ya nano humtaja Ehrlich kama babu yao, na wana haki. Ila mara chache huongeza kwamba dawa iliyomfungulia njia ilijaribiwa pia katika miili ya watu wa ziwa letu, na kwamba baadhi yao walilipa kwa macho yao. Ndoto ya risasi isiyodhuru ilianza, kwa upande wetu, na risasi iliyodhuru.

Tuje sasa nyumbani, na tubaki kwenye macho. Mashariki ya mji wa Dodoma iko Kongwa. Wanahistoria wanaifahamu kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambao ulimeza mamilioni ya pauni na kufa kwa sababu matrekta yalitangulia kabla ya kuuliza udongo na mvua vinasema nini. Wataalamu wa macho duniani, hata hivyo, wanaifahamu Kongwa kwa jambo jingine: trakoma, ambayo wengi wetu tunaiita vikope. Ni ugonjwa wa bakteria unaoshika watoto, unaopitishwa na mikono, nguo na nzi kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ukirudi mara kwa mara kwa miaka, kope hujikunja kwa ndani, nywele zake husugua mboni, na mtu hupofuka. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaolea watoto wenye maambukizi.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, walifanya kazi katika vijiji vya Kongwa. Wakati huo tiba iliyokuwepo ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini, inayopakwa machoni mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Hebu mfikirieni mama Mgogo mwenye watoto watano katika msimu wa kulima. Apake marhamu inayowasha, kwa macho kumi, asubuhi na jioni, kwa siku arobaini na mbili. Dawa ilikuwa sahihi katika maabara. Katika nyumba ya tembe ilikuwa karibu haiwezekani.

Kisha ikaja azithromaisini. Dawa hii si ya nano, lakini ina tabia ambayo watengenezaji wa chembe za nano wanaitafuta kwa jasho: huingia katika seli nyeupe za damu, na seli hizo huibeba hadi penye maambukizi, hubaki katika tishu kwa siku nyingi baada ya kumezwa. Kwa sababu hiyo dozi moja ya mdomo ilitosha kufanya kazi ya marhamu ya wiki sita. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer, pamoja na Taasisi ya Edna McConnell Clark, zilianzisha mpango wa kimataifa wa kuitoa bure, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika. Safari ya ndani ilikuwa imefupishwa kutoka siku arobaini na mbili hadi siku moja.

Kilichofuata kinastahili kusomwa na kila anayetuuzia muujiza wa kiteknolojia. Katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo, watu karibu wote walipewa dozi. Kabla ya dawa, maambukizi yalikuwa kwa asilimia 9.5 ya watu. Miaka miwili baadaye yalikuwa yamebaki asilimia 0.1 tu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2004 na dunia ikashangilia. Lakini katika kijiji cha Kongwa kilichofuatiliwa kwa namna kama hiyo, ambako zaidi ya nusu ya watu walikuwa na maambukizi tangu mwanzo, ugonjwa ulishuka sana baada ya dozi, kisha haukwisha. Dawa ilikuwa ileile, nchi ileile, miaka ileile. Tofauti ilikuwa uzito wa ugonjwa na mazingira yanayoulisha: vumbi, nzi, mifugo karibu na nyumba, na juu ya yote, maji.

Dodoma ni nchi kame. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miaka mingi haizidi milimita 600. Ndoo iliyobebwa kichwani kutoka mbali haiwi ya kunawa uso wa mtoto kabla haijawa ya kupikia ugali. Watafiti haohao wa Kongwa waliliona hili. Walichunguza jinsi familia za Wagogo zinavyoamua maji yatumikeje, na nani mwenye kauli. Mwaka 1995 walichapisha matokeo ya vijiji sita, ambapo vitatu vilipata kampeni kali ya kunawisha watoto nyuso pamoja na marhamu, na vitatu vikapata marhamu peke yake. Watoto waliodumishwa na nyuso safi walikuwa na trakoma kali kidogo zaidi. Ndiyo maana mkakati ambao Shirika la Afya Duniani limeupokea una nguzo nne: upasuaji wa kope, kiuavijasumu, usafi wa uso, na mazingira. Dawa ni nguzo moja kati ya nne. Somo hilo lilipikwa, kwa sehemu kubwa, hapa kwetu.

Siyo mara ya kwanza Tanzania kuufundisha ulimwengu kuhusu safari ya nje. Katika miaka ya 1970 nchi za Afrika Mashariki na Zambia zilishiriki, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, katika majaribio yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita kwa kutumia rifampisini, badala ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Hiyo ilikuwa safari ya ndani. Lakini kuanzia mwaka 1977 Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Czechoslovakia na kufanya kazi Uholanzi, alishirikiana na serikali yetu kuijenga ya nje. Walihakikisha kuna hadubini wilayani, daftari moja la wagonjwa, dawa zisizokatika, mgonjwa anayemeza mbele ya mhudumu katika miezi ya mwanzo, na hesabu ya kila robo mwaka inayoonyesha nani amepona, nani amekufa, nani ametoroka. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, mfumo lililoueneza baadaye kwa jina la DOTS ulikuwa na alama za vidole vya waganga na wauguzi wa Tanzania. Hakuna aliyepata Tuzo ya Nobel kwa daftari. Ila daftari liliokoa watu.

Kwa kipimo hicho sasa tuitazame tiba ya nano yenyewe, katika ugonjwa ambao tayari imethibitika. Watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana hushambuliwa na fangasi aitwaye kriptokokasi, anayeleta homa ya uti wa mgongo. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha vifo vipatavyo 112,000 kwa mwaka duniani, vilivyo vingi vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Dawa yenye nguvu dhidi yake, amfoterisini B, ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu cha udongo wa bonde la mto Orinoco, Venezuela. Inaua fangasi, lakini huleta homa na mitetemeko, na huumiza figo. Mgonjwa hutundikiwa dripu kila siku, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Hospitali isiyo na maabara ya uhakika huogopa kuitumia, na kwa miaka mingi hospitali zetu nyingi zilibaki na flukonazo peke yake, ambayo ni dhaifu kwa kazi hiyo.

Wakati huohuo, katika miaka ya 1960, Alec Bangham wa Cambridge, akichunguza tabia ya mafuta yaliyo katika utando wa seli, aligundua kwamba mafuta hayo yakiwekwa majini hujikunja yenyewe na kuwa vijiduara vyenye uwazi ndani. Vikaitwa liposomu. Wengine wakaona kwamba vijiduara hivyo vinaweza kubeba dawa. Amfoterisini ikatiwa ndani ya liposomu zenye kipenyo kisichofika nanometa 100, ikaanza kutumika Ulaya kuanzia mwaka 1990. Kijiduara huishikilia dawa hadi inapokutana na fangasi, figo hupumua.

Ikawa tiba ya matajiri kwa muda mrefu. Baada ya miaka zaidi ya thelathini, jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa hiyo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazo kwa wiki mbili, haizidiwi na dripu za siku saba za dawa ya zamani. Katika wiki kumi, waliokufa walikuwa asilimia 24.8 kwa dozi moja na asilimia 28.7 kwa tiba ya kawaida, na madhara makali yalipungua. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kuwa tiba ya kwanza.

Tazameni jinsi historia inavyojirudia: wiki sita kuwa siku moja kwa macho, na sasa siku saba kuwa moja kwa uti wa mgongo. Huu ndio ukweli wa tiba ya nano unaostahili shangwe. Thamani yake kwetu si udogo wa chembe. Ni kwamba inampunguzia muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mzigo wa siku sita. Lakini soma tena takwimu: hata kwa dawa bora, karibu mmoja kati ya wanne alikufa. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kampuni inayoitengeneza ilitangaza mwaka 2018 bei nafuu ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na mgonjwa mmoja huhitaji vichupa kadhaa. Flusitosini nayo, dawa ya tangu miaka ya 1950, kwa muda mrefu haikusajiliwa katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuisajili. Unaweza kuwa na chembe ya nanometa 80 iliyokamilika, ikakwama kwa kukosa kidonge cha bibi yake.

Chanjo zinasimulia habari hiyohiyo. Chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, ni chembe za protini za kiwango cha nano. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki majaribio ya mwisho ya ile ya kwanza, na wa Bagamoyo wakashiriki tena ya pili. Lakini utoaji wa awali wa RTS,S ulipoanza mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Chanjo za UVIKO-19 zilizobebwa katika vijiduara vya mafuta zilianza kutolewa Ulaya na Marekani Desemba 2020. Sisi, baada ya miezi ya mabishano yetu wenyewe, tulianza kuchanja mwishoni mwa Julai 2021, kwa shehena ya kwanza ya dozi 1,058,400 za aina nyingine. Tulichelewa kwa sababu mbili: dunia ilijigawia kwanza, na sisi tulikataa kupanga foleni. Mwanahistoria mkweli lazima aziandike zote mbili.

Ninaandika haya nikiwa Majengo, hapa Dodoma. Miji mingi ya Afrika Mashariki ina Majengo yake: Moshi, Mombasa, Nairobi. Mtu wa Majengo ya Dodoma ana bahati. Soko lipo, maduka ya dawa yapo, hospitali ya rufaa ya mkoa iko mwendo mfupi wa bodaboda, na jiji lina chuo kikuu chenye kitivo cha tiba. Kwake safari ya nje ni fupi, ingawa mfuko unaweza kuirefusha. Mtu wa kijiji cha ndani cha Kongwa au Chamwino anayemlisha huyu wa Majengo kwa alizeti na zabibu hana bahati hiyo. Dawa ya nano ikifika nchini kesho, itafika Majengo. Suala la haki ni lini itafika kwake, na kwa fedha ya nani.

Swali la fedha si la nadharia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tamko la siku moja, na huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zikatikiswa. Tuligundua kwamba barabara tuliyokuwa tukipita ilikuwa ya kukodi. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bunge letu linakutana katika jiji hili. Ahadi hiyo haina safari ndefu kufika mlangoni pake.

Hivyo siwaombi wasomaji wangu waikatae tiba ya nano, wala wasiipokee kwa vigelegele. Nawaomba waiulize maswali matatu ambayo historia imetuachia. Je, inampunguzia mgonjwa na muuguzi siku na gharama, kama azithromaisini ilivyofanya? Je, waliotoa miili yao kwa majaribio watakuwa wa kwanza kuipata? Je, daftari, maji, maabara na mshahara wa mhudumu wa kijiji vimewekwa katika bajeti ileile, au vimeachwa kwa mgeni?

Wapo wenzetu walioanza kujibu. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alitumia mchanga na chembe za nano kutengeneza chujio la maji, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Hakuanza na kiwango cha juu cha sayansi akitafuta tatizo. Alianza na ndoo. Kwa mkoa ambao macho ya watoto wake yalipofushwa kwa ukosefu wa maji ya kunawa, hiyo ndiyo nidhamu ya kuigwa: sayansi ndogo kadiri iwezekanavyo, ikianzia kwenye haja iliyo kubwa.

Mgeni aje, basi, na apewe kiti. Lakini mwenyeji atakayepona ni yule aliyekwisha kutengeneza barabara ya kuingilia kwake, anayejua jina la kila mgonjwa katika daftari lake, na ambaye mtungi wake hauko mtupu.